Chiriku Yuko Wapi

4 Februari

Mwanangu Kasuku,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi mzima, isipokuwa mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, ambao siku hizi lazima niubembeleze asubuhi ndipo ukubali kazi. Bosi amenunua cherehani ya umeme akaiweka pembeni yangu kama mke mwenza. Sijaigusa. Mwambie baba yako nimechoka na salamu zake za "mwambie shangazi". Kaka anayempenda dada yake hushika kalamu.

Kitabu chako kimefika. Nimekisoma chote, nikarudia, na mara ya pili nilikuwa nimefunga mlango.

Nianze na kucheka. Umenifanya mrefu. Mimi ninayepanda stuli kushusha sufuria, humo ndani napita milangoni kwa kuinama. Halafu huyo Chiriku wako anaimba, anacheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Tangu lini shangazi yako akaimba? Angekuwa mpangaji mwenzangu ningehama kwa kelele. Lakini nimempenda. Alipopanda lile lori mwishoni nililia kama vile sijui anakokwenda.

Sasa lililonifanya niandike. Ulibadilisha mji, jina, umbo, hata idadi ya ndugu. Kwa nini uliacha mfuko? Unajua ninachosema. Nguo ikiisha, kabla sijamkabidhi mwenyewe, naugeuza mfuko nje, naupuliza vumbi la nyuzi, naurudisha ndani. Marehemu babu yako alifanya hivyo maisha yake yote, nami nikamwiga tangu utotoni. Sijaona fundi mwingine mwenye tabia hiyo. Nimekaa huku miaka yote kwa jina ambalo si langu, na wanaojua ni wewe na baba yako tu. Hata simu nimekataa, ndiyo maana tunaandikiana kupitia sanduku la posta la Bosi kama watu wa kale. Halafu unaniweka kitabuni nikipuliza mfuko.

Pengine ni woga wa kizee. Ila nijibu moja: yule bwana bado anasoma magazeti? Habari zake nyingine sizitaki. Hilo tu.

Shangazi yako, mfupi


19 Februari

Shangazi mpenzi, shikamoo.

Huku tunaendelea. Baba mgongo unamsumbua, na ameshagombana na daktari aliyemwambia alale chali. Anasema kalamu anaiogopa tangu shule, tena wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia insha zake, kwa hiyo usijifanye hujui. Mimi nipo pale pale kiwanda cha uchapaji, nasahihisha vitabu vya hesabu vya watoto. Juzi nilikuta machungwa tisa yamegawanywa kwa watoto wanne na kila mmoja kapata matatu. Nadhani aliyetunga swali alikuwa na njaa.

Samahani kwa urefu. Nilitaka asifanane nawe, nikaona nikimvuta juu nitakuwa salama. Mfuko niliuacha kwa sababu ya babu. Kila nilipoufuta, Chiriku aligeuka mtu wa karatasi tu. Nikaurudisha, akapumua. Sikufikiri kama kuna mtu angeushika.

Na wameushika, shangazi. Hapa ndipo nisipojua kama nicheke au nilie. Kitabu kinaishia alfajiri, dereva wa lori la vitunguu anamwuliza waenda wapi, Chiriku anasema, "Endesha." Basi. Nilidhani nimemaliza. Lakini wasomaji hawakushuka kwenye lile lori. Gazeti la Jumapili limefungua ukurasa mzima, "Chiriku yuko wapi?", na watu wanaandika kila wiki. Mmoja anasema amefungua duka la vitambaa na amenenepa. Mwingine anasema amezaa mapacha. Babu mmoja ameapa kwamba Chiriku sasa ndiye dereva wa lile lori na yule dereva ni utingo wake. Karibu na kazini kwangu kuna saluni imeandikwa "Kwa Chiriku". Nilikaa pale kusukwa nywele, msusi akanieleza tabia za Chiriku kwa kirefu, na nilipojaribu kumsahihisha akaniambia nikakisome kitabu vizuri.

Kwa hiyo usiogope. Wanamtafuta mwanamke mrefu anayeimba, ambaye hayupo. Hata ile sura ya kufungiwa ndani niliitunga kichwani mwangu tu. Wewe hukuwahi kusema yaliyotokea mle, na mimi sikuwahi kuthubutu kuuliza.

Baba anasalimia, kwa mdomo.

Kasuku wako


11 Machi

Mwanangu,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia baba yako bado ana nguvu za kugombana. Huku joto limezidi, vitambaa vinanata mikononi. Tumepata tenda ya sare za shule, kwa hiyo sote tumezama kwenye kaptula.

Nilikuuliza swali moja, ukanijibu mengine yote isipokuwa hilo. Nimeliona.

Sasa nisikilize. Kwenye karakana yetu kuna binti fundi tunayemwita Ngongoti, maana amerefuka kama aliyepanda miti. Mtoto mwema, mcheshi, anashona makoti vizuri kuliko mimi. Ndiye aliyeleta kitabu chako hapa. Wanasomeana wakati wa chakula, na mimi nainama kwenye kaptula kama sisikii. Siku moja akaniona napuliza mfuko. Akapiga kelele, "Mama, wewe ni Chiriku mtupu!" Wakacheka wote, Bosi akacheka, na mimi nikacheka nao. Tangu siku hiyo wateja wanakuja na nguo zao wananiambia, "Mama, nipulizie na mimi." Wanataka bahati. Mtu mzima na heshima zake anasimama mbele yangu ametoa mifuko nje.

Hilo ningelivumilia. Lakini Ngongoti ameandika kwenye gazeti lenu la Jumapili. Alinionyesha kwa furaha, akidhani ameniletea zawadi. Anasema: "Hapa kwetu tuna fundi mmoja wa makamo, mfupi, mpole sana, ambaye hupuliza mfuko kama Chiriku. Nadhani Chiriku alipita mji wetu akamfundisha, na huyu mama anajua alikoelekea." Chini wamechapa jina la mji na jina la karakana.

Nilishindwa kutia uzi kwenye sindano siku nzima. Nimeacha kupuliza. Nikiimaliza nguo naibana mikono kwapani mpaka hamu ipite, na wateja wananilalamikia kwa Bosi kwamba mama amekuwa na maringo.

Nina ombi, na sijawahi kukuomba kitu. Muue. Andika kwenye huo ukurasa kwamba Chiriku amekufa, kwa ugonjwa au kwa lori, utakavyo. Watu wakishazika hawatafuti tena.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Naandika haraka, mjumbe wa kazini anakwenda posta. Baba ameanza kulala chali, na anadai ni wazo lake mwenyewe.

Nilikwenda gazetini siku ile ile nilipopata barua yako. Mhariri ni mtu mwungwana. Alinisikiliza, akasema gazeti limeshatoka, watu wameshakata vipande na kuvibandika ukutani, hakuna cha kurudisha. Nilimwomba aufunge ule ukurasa. Akaniangalia kama ninayemwomba afunge bomba la maji mji mzima. Anasema Jumapili watu wanaanza kusoma hapo kabla ya habari za serikali.

Kuhusu kumuua. Nimejaribu, shangazi. Nilimpa homa, akapona kwenye ukurasa wa pili. Nikamwangushia ukuta, nikajikuta naandika kwamba alikuwa amekwenda kuteka maji. Usinicheke. Nimeishi naye kwa muda mrefu, na kila nikimlaza anaamka anauliza kuna kazi gani. Nitajaribu tena.

Kuna jambo lingine, na afadhali ulisikie kwangu. Wiki mbili zilizopita ukurasa ule ulichapa barua ya mtu aliyejiita Msomaji Mwenye Subira. Nakunakilia kama ilivyo: "Mnahangaika bure na mapacha na maduka. Mwanamke kama Chiriku hawezi kuishi bila mtu wa kumwelekeza. Mumewe alikuwa na hasira za mapenzi, na mwandishi hakumtendea haki. Atapatikana, atarudi nyumbani, na safari hii mlango utafungwa vizuri."

Wasomaji walimshambulia Jumapili iliyofuata, ilikuwa vita. Pengine ni mtu wa mzaha tu anayetaka kuchokoza wanawake. Wapo wengi wa namna hiyo.

Kasuku


20 Aprili

Kasuku,

Leo salamu zinisamehe.

Si mtu wa mzaha. Alipokuwa akikosea kitu hakusema "nimekosa". Alikuwa akisema "safari hii". Safari hii nitakupenda vizuri. Safari hii utajifunza. Nilisoma hayo maneno nimesimama pale posta, mzee mmoja akanishika kiwiko akidhani nimeletewa habari ya msiba.

Nimehamisha kiti changu, sasa nakaa nikitazama mlango. Kila mwanamume akiingia naanza na viatu vyake, kwa sababu uso siuwezi. Napita njia hii leo na njia ile kesho. Nimepanga mkoba, uko nyuma ya mlango. Juzi nilikwenda nao stendi. Msichana wa tiketi alikuwa anasoma kitabu chako, akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, unakwenda wapi?" Chiriku alikuwa na "endesha". Mimi sikuwa na neno, nikarudi kwenye kaptula zangu.

Umri wangu huu, kujifunza jina jingine tena, mtaa mwingine, kudanganya watu wengine wema? Nachoka hata kuwaza.

Nijibu, na usizunguke: amekuja kwako?

Shangazi


9 Mei

Shangazi,

Ndiyo. Alikuja.

Alikuja mwisho wa Machi, siku chache kabla sijakuandikia barua ile ya haraka. Sikukwambia. Niliogopa ungekimbia tena usituambie ulikokwenda, na baba asingeistahimili mara ya pili. Sasa ujue yote.

Ilikuwa kwenye duka la vitabu, walikuwa wameniita nisaini vitabu. Foleni ilifika mlangoni. Nilikuwa nimeinama, naandika majina, mkono ukanyoosha kitabu mbele yangu na sauti ikasema, "Umekua." Nilikuwa mtoto alipotoka katika maisha yetu, lakini sauti ile niliijua kabla sijainua kichwa. Amekuwa mzee, shangazi, lakini amenyooka. Shati limepigwa pasi. Alikuwa mpole mno. Kitabu chake kilikuwa kimechakaa kuliko vyote vilivyopita mezani siku ile, kila ukurasa amepiga mistari kwa rula. Akaniuliza, "Hajambo?"

Nikasema, "Nani?"

Akatabasamu. "Chiriku."

Nikamwambia hii ni riwaya, hakuna mtu kama huyo. Akasema, "Najua riwaya ni nini, mwanangu." Kisha akafungua mfuko wa shati akatoa kipande cha gazeti kimekunjwa vizuri, hakukifunua, akakigonga kwa kidole, akakirudisha. Waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika kwamba anachelewesha foleni. Akaniomba radhi, akawaomba radhi na wao, akaondoka. Nilimsainia, shangazi. Mkono wangu uliandika "Nakutakia heri" kama nilivyowaandikia wengine wote.

Kipande kile sasa najua ni barua ya fundi wenu.

Ondoka hapo. Njoo huku, au nenda popote, mimi na baba tutakufuata huko ulipo. Na nimefanya uliloniomba. Nimemuua. Nakala ya sura imo humu ndani ya bahasha. Lori linapinduka darajani, Chiriku anakufa, dereva anamzika kando ya barabara bila jina. Nililia nikiiandika, lakini imekamilika. Mhariri anaingoja kwa hamu. Sijampa. Niambie neno moja tu, nitampelekea siku hiyo hiyo.

Nijibu upesi, tafadhali.

Mwanao


1 Juni

Shangazi,

Hujajibu. Posta wanasema barua imefika. Nilivunja mwiko nikatafuta namba ya karakana, nikapiga, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena kesho yake, hivyo hivyo. Baba anakaa dirishani. Anamwulizia mjumbe wa posta kuliko chakula.

Sura bado iko kwenye droo yangu. Nimeogopa kuitoa bila wewe kusema. Leo msusi ameniambia kwa uhakika kabisa kwamba Chiriku hajambo, anaendelea vizuri. Nilimshika mkono nikamwuliza, umejuaje? Akanishangaa.

Andika hata mstari mmoja. Hata kunitukana.

Kasuku


12 Juni

Mwanangu Kasuku, na kaka yangu uliyekaa dirishani,

Niko hai. Naanza na hilo ili msome mengine mkiwa mmekaa. Simu haikupokelewa kwa sababu Bosi alifunga karakana siku kadhaa, na sababu yake ndiyo barua hii.

Barua yako ya Mei ilikuwa imelala kwenye mkoba wa Bosi. Alikwenda mazishini kwa dada yake akasahau kunipa. Kwa hiyo yule bwana alipoingia sikuwa nimeonywa na mtu.

Ilikuwa asubuhi, tunamalizia sare za mwisho. Niliona viatu kwanza. Vyeusi, vimepigwa rangi, na kile cha kushoto kinaingia ndani kidogo anapokanyaga. Hapo nilijua. Sikuweza kuinuka. Mtu akikwambia nilijikaza, usimsadiki. Nikaendelea kukanyaga cherehani bila uzi, kitambaa kinapita na mashimo matupu.

Akasalimia vizuri, akamsifu Bosi kwa usafi wa chumba. Akatoa kile kipande cha gazeti. Akasema, "Namtafuta yule mama anayepuliza mifuko." Na Ngongoti, Mungu amsamehe, akaninyooshea kidole kwa furaha zote.

Akaja, Kasuku. Akavuta stuli akakaa mbele yangu, kati yetu ni cherehani tu. Nikanusa sabuni ile ile. Nikainua uso, nikamtazama, kwa sababu nilisema liwalo na liwe.

Hakunijua.

Sijui kama macho yamemchakaa. Sijui kama ni hii miwani, na mvi, na huu unene wa shingo. Lakini nadhani si hayo. Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu wa dirisha la posta, akasema, "Mama, nimeambiwa Chiriku alikufundisha kazi. Alielekea wapi?" Akaanza kunieleza alivyo, nisije nikachanganya. Mrefu. Ana sauti. Akicheka majirani wanagonga ukuta. Alikuwa ananieleza mimi kitabu chako, mwanangu, neno kwa neno, na macho yake yamelowa. Niliishi na mtu huyu, nikampikia, nikamfulia, nikamwogopa kila jioni kwa namna yake, na hakuwa amebakiza hata kipande changu kichwani. Mahali pangu alikuwa amemweka Chiriku.

Nilitikisa kichwa tu. Sauti angeijua, au pengine nayo asingeijua, lakini sikuijaribu. Ngongoti akasema, "Babu, mama yetu si msemaji. Wewe ni nani wake Chiriku?"

Na yeye akasimama. Akajinyoosha shati. Akasema, "Mimi ndiye mumewe."

Alisema kwa fahari. Nadhani alifikiri watampigia makofi. Amesoma kitabu kile mpaka kimechakaa na bado anafikiri ni kitabu kinachomhusu yeye na mapenzi yake. Hakujua amesimama kati ya watu gani. Wale mafundi wamekisoma wakati wa chakula wakiacha wali upoe. Sura ile ya kufungiwa waliisoma mara mbili, na mara ya pili Bosi alitoka nje asionekane. Wanamjua mume wa Chiriku kuliko wanavyowajua waume zao.

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Ngongoti alikuwa na mkasi mkononi, akauweka mezani polepole, nadhani alijiogopa mwenyewe. Akamwuliza, "Mume gani? Yule wa funguo?"

Akajibu, "Mwandishi alitia chumvi. Mke alikuwa mkaidi. Safari hii..."

Hakumaliza. Bosi ambaye huwa anazungumza na wateja kama anayeogopa kuwaamsha, alimwambia, "Toka." Akasema tena, na wote walikuwa wameshasimama, na Ngongoti kwa urefu wake amemfunika mwanga. Yule bwana akageuka kuniangalia mimi, mimi niliyebaki nimekaa, kama anayeniomba niwaambie hawa vijana waache utovu wa adabu. Nilimtazama tu. Akaondoka kwa miguu yake. Bosi akampigia simu mtu wake wa kituo cha polisi akamweleza sura na mavazi, na mafundi wawili wakamfuata kwa mbali mpaka stendi wakamwona akipanda basi. Bosi akafunga karakana siku hizo, asije akarudi na watu.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Bado naogopa, nisiwadanganye. Basi lililompeleka linaweza kumrudisha. Usiku nasikia viatu. Lakini kuna lililofuata, na ndilo nililotaka kuandika.

Alipokwisha kutoka, mmoja akalia. Wakaanza kumsemea Chiriku, maskini, popote alipo, Mungu asimwonyeshe huyu mtu. Walinipita mimi wakimwombea yeye. Ngongoti akafuta macho kwa kaptula ya shule akasema, "Na nikikumbuka alivyokuwa akiimba pale dirishani, amefungiwa, watoto wa jirani wanamwitikia, mimi hapo ndipo huwa nashindwa."

Mwanangu, sijui kilichonipata. Miaka yote mdomo wangu nimeufunga mwenyewe, hakuna aliyenifungia. Nilisema, na sauti ilitoka nene kama ya mtu mwingine:

"Hakukuwa na dirisha."

Wakanigeukia. Nikasema, "Ilikuwa stoo ya mkaa. Mtu aliyekuwa mle asingeweza kuimba, vumbi lingemkaba. Alikuwa anahesabu magunia kwa vidole." Na hapo nikashindwa kuendelea, na hapakuwa na haja. Ngongoti alikaa chini sakafuni, na urefu wake wote, akaweka kichwa kwenye magoti yangu, akasema samahani, samahani, akikumbuka barua yake. Bosi akaniuliza jina langu. Nikamwambia. Ni mara ya kwanza kulisikia kwa sauti yangu huku, nikaona bado linanikaa.

Sasa wananisindikiza nyumbani jioni, wawili wawili kwa zamu, na wanagombana nani ana zamu ya leo. Siji huko. Mwambie kaka aje yeye, na mgongo wake.

Sura yako ya kifo nimeisoma. Umeandika vizuri, daraja nimeliona. Usimpe mhariri. Niliposema muue nilidhani yeye ndiye anayenianika. Wangekuwa wamemzika, mwanamume yule angeingia pale akakuta mafundi wa sare tu, si watu wa Chiriku.

Ila kitabu kikichapwa tena, nakuomba, toa lile dirisha.

Shangazi yako